Kidole cha Fisi

Yule mchonga picha wa Nkubu amefariki. Nilipata habari Jumatatu, na kabla sijamaliza kusikitika nikaambiwa kwamba atakayesoma wasifu wake mazishini ni mwenyekiti wa kanisa lao. Mnisamehe, wasomaji wangu. Huzuni iligeuka hasira palepale, na hasira ndiyo inayoandika leo.

Marehemu alichonga watu wakigeuka wanyama. Alichimba kwa kisu kwenye ubao wa mti wa muringa, akaupaka wino mweusi, kisha akaukandamizia karatasi. Mwenyekiti aliposogeza mpaka wake hadi katikati ya mahindi ya mama mzazi wa fundi huyu, fundi alimchonga akiwa nusu fisi: manyoya yanatoboa koti la Jumapili, mdomo bado wa binadamu, na macho yanayojua vizuri kinachompata. Picha ilitundikwa katika hoteli moja ya sokoni. Niliitazama nikashindwa kumaliza chai yangu. Mwenyekiti alikuja amevimba, akaikagua, halafu akainua juu mkono wake uliokatwa kidole na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. “Baite, rafiki zangu, hii si mimi! Kidole yangu imekatika ni ya kushoto. Huyu amekatika ya kulia!” Watu wakacheka naye. Hata hivyo kesho yake alipeleka vijana wakachoma mbao zote za fundi, eti zinaita mapepo.

Nilimuuliza fundi mbona alikosea mkono. Alivuta ubao wa picha ile, mmoja uliosalimika chini ya kitanda. “Sijakosea, baite. Ubao nimechonga vile huyo mzee ako. Karatasi ndio inageuza, kulia inakuwa kushoto. Nilimwachia kanjia ka kutoka, arudishe shamba ya mama bila aibu.” Kisha akanikabidhi ubao. “Akirudisha, uchome hii.”

Mpaka haujarudi. Mama huyo mkongwe anavuna nusu shamba, na sasa anamzika mwanawe. Mimi sina upole wa marehemu, wala sitaki kujifunza sasa. Nililojifunza kwake ni kwamba anayesamehewa akachezea msamaha huo, asishangae ukifika mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo kando ya safu hii sijaweka ile picha ya karatasi. Nimeweka ubao wenyewe, uliopigwa picha jinsi ulivyo. Mwenyekiti, Ijumaa ukisimama kusoma wasifu, waombolezaji watakuwa na gazeti hili. Usiinue mkono wa kushoto.