Mwaka wa Viti Maiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkalisha mwanamume kando ya mama mkwe wake, na basi zima likanyamaza.

Ilikuwa Kitale, asubuhi ya ukungu, na mimi nilikuwa msichana wa Kiminini, mtoto wa wakulima waliohama kutoka upande wa Nyeri wakanunua shamba la mahindi huku. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa tiketi katika kampuni ya mabasi ya masafa marefu. Mbele yangu kulikuwa na chati ya viti, yaani karatasi iliyochorwa basi kama ndege anavyoliona kutoka juu: safu za viti, ujia katikati, mlango, usukani. Ukiuza tiketi, unaandika jina la abiria juu ya kiti chake kwa penseli. Niliandika majina mawili, moja kando ya lingine, nikafurahia jinsi mwandiko wangu ulivyokaa vizuri.

Yule mwanamume alipofika kwenye kiti akamwona aliyeketi dirishani, alirudi nyuma kama aliyegusa sufuria ya moto. Mama naye akavuta leso akafunika uso. Barasa, kondakta ambaye baadaye tulifanya kazi pamoja karibu maisha yote, alipiga kelele kutoka mlangoni, "Karani! Umeozesha mtu mama mkwe? Bana, huyu atalipa mahari mara mbili!"

Watu walicheka isipokuwa wale wawili. Mkuu wa Kituo, mzee mfupi wa Bungoma aliyevaa tai hata wakati wa kiangazi, aliniita ofisini.

"Njoki," alisema, "tiketi hata kasuku anaweza kuuza. Karani anakalisha watu."

Akanieleza. Kwetu upande wa Nyeri mkwe huheshimiwa sana, lakini kwa Wabukusu wa huku heshima hiyo ina umbali wake. Mwanamume hamshiki mkono mama mkwe, haketi kando yake, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa penseli, niliuliza: "Mnasafiri na nani? Kuna mkwe kwa hii safari?" Wageni walidhani ninawachunguza. Wenyeji walijua kwamba mtu ameshanifunza kazi.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wanaouza viti kwa simu huniuliza karani alikuwa anafanya nini siku nzima. Tulipanga watu. Wenye watoto wachanga tuliwaweka mbele, mbali na mrusho wa magurudumu ya nyuma. Walevi tuliwaweka mahali kondakta anawaona. Tulijua mizigo ya tumboni, ile nafasi iliyo chini ya sakafu ya basi: magunia yanatangulia, kuku wanafuata, jeneza haliwekewi kitu juu yake. Kiti kilichovunjika tulikiita maiti, kwa sababu hakiuziki. Basi lenye maiti wawili lilimharibia Mkuu wa Kituo siku yake.

Baada ya miaka mingi Kitale nilihamishiwa Bungoma, nikawa karani mkuu. Huko nilikuwa chini ya Meneja wa Njia, kijana msomi mwenye sauti ya upole. Alikuwa na msemo mmoja alioupenda: "Usisikilize malalamiko, Njoki. Watu hulalamika hadi kanisani. Abiria anayerudi ni abiria aliyeridhika." Nilimwamini. Ningemkataliaje, na nilikuwa na Mama Nafula wa kuthibitisha?

Mama Nafula alikuwa mjane wa Kabuchai, amekonda kama ufito, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Kila wiki ya tatu alikuja na binti yake Nafula kupanda basi la Eldoret, kwenda kudungwa sindano za saratani. Nilimwekea kiti cha nyuma ya dereva, dirishani. Alikaa hapo bila kunung'unika hata mara moja. Wauza nguo walinitukana, walimu walinitukana, lakini yeye alinibariki. Nikijiuliza kama kazi yangu ina maana, nilimfikiria yeye.

Kisha korona ikaja.

Nilikuwa nimeona mengi kazini. Nilikuwa nimeona stendi ikifungwa kwa sababu ya siasa, na mvua ikila barabara. Lakini sikuwa nimewahi kuona kilichotokea asubuhi ile Meneja wa Njia alipoingia ndani ya basi zima, jipya, lisilo na kasoro, akaanza kubandika msalaba wa utepe mwekundu wa gundi juu ya kiti kimoja, akaruka kimoja, akabandika kingine. Alipofika nyuma, nusu ya basi ilikuwa maiti.

Barasa alisimama mlangoni na barakoa yake mpya. "Boss," alisema, "leo umeua wangapi?"

Hakuna aliyecheka. Nairobi ilikuwa imefungwa. Kafyu ilikuwa imewekwa. Mlangoni kulikuwa na tangi la maji na sabuni, na askari wetu alielekezea kila abiria kipima joto kwenye paji la uso, kama bunduki. Kwa kuwa viti vilikuwa nusu, nauli ilipanda. Nilisubiri matusi.

Hayakuja. Hilo ndilo lililonishtua kuliko ule msalaba mwekundu. Abiria waliingia polepole, wakaketi wakiwa wamenyoosha miguu, wakaweka mikoba kwenye viti vilivyokufa. Mwalimu mmoja, mtu aliyekuwa akigombana nami kila kufunga shule, alishuka akitabasamu hadi macho yakafinyika juu ya barakoa.

"Hii sasa ndiyo safari," aliniambia. "Hakuna mtu ananilalia bega. Korona ikiisha, si mwache tu hivi?"

Wengi walisema hivyo. Meneja wa Njia alikuja akisugua mikono yake kwa dawa. "Njoki, tangu nianze kazi sijapata malalamiko machache namna hii. Watu wanafurahi!"

Ni kweli, walifurahi wale waliokuwa ndani. Wanawake waliosafiri na kuku wa kuuza hawakuonekana tena. Vijana waliokuwa wakijaza basi kwenda matangani walitazama maziko kwa simu, wamekaa kwenye mawe nje ya duka. Stendi ilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho kampuni yetu ilisikia sifa.

Halafu amri ikashuka kutoka ofisi kuu: mtu mzee asiuziwe tiketi. Wazee walikuwa wameshauriwa wakae nyumbani, na kampuni iliogopa mmoja wao azidiwe ndani ya basi. Amri ilifika asubuhi. Siku hiyohiyo Mama Nafula alisimama mbele ya dirisha langu, binti yake kando.

"Karani, mpe mamako kiti yake."

Alikuwa amekosa sindano iliyotangulia, kwa sababu nauli iliwashinda. Daktari alikuwa amewaambia kwamba akikosa nyingine, ugonjwa utaishinda dawa. Nafula alikuwa amenieleza hivyo kwa simu, nami nilikuwa nimemwahidi kiti.

"Mama, kuna amri," nilisema. "Wazee hawapandi."

Alicheka kile kicheko chake. "Wazee gani? Mimi si mzee, mimi ni mgonjwa."

Nilimpigia Meneja wa Njia. "Ni wa sindano, Meneja. Akikosa leo, amekosa kabisa."

"Nasikia, Njoki. Lakini akizidiwa kwa basi letu, tunafungiwa. Mwambie apumzike nyumbani."

"Saratani haipumziki."

"Hiyo amri si yangu, wala si yako," alisema kwa ile sauti ya upole, na simu ikakatika.

Barasa alizunguka kwa wenye teksi. Wote walikataa: Eldoret, kungoja hospitalini, kisha kurudi kabla ya kafyu, haiwezekani. Nafula akampigia mumewe Wekesa, aliyekuwa ameleta mahindi kwenye kinu ng'ambo ya barabara. Alifika na pikapu yake haraka. Hakutukaribia. Alisimama mbali, akashuka, akavua kofia, akatugeuzia mgongo. Mtu asiyejua angesema ana dharau. Sisi tuliona kijana mwenye adabu, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa hapo.

Pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja tu kirefu, cha dereva na wa kando yake.

"Nafula akae katikati," nilisema, kazi yangu ya kukalisha watu ikinitoka mdomoni yenyewe.

Barasa alitikisa kichwa. "Hapo Webuye kuna polisi, Karani. Mbele wanataka watu wawili tu. Wa tatu anashushwa."

"Basi nipande nyuma na magunia," Nafula akasema.

"Utashushwa pia, hawataki mtu juu ya mizigo. Na ukishushwa, si watabaki wawili vilevile?"

Wauza ndizi walikuwa wamesogea, wote wakisikiliza. Nilifikiria mambo yote niliyofunzwa na nikakosa hata moja la kutufaa. Sheria ya serikali iliondoa mtu wa katikati, na bila mtu wa katikati mila ilifunga mlango wa gari.

"Wekesa!" Mama Nafula aliita.

Mwanamke mmoja alishika mdomo juu ya barakoa. Tangu kijana yule amwoe binti yake, mama huyu hakuwahi kulitaja jina lake kwa sauti.

Wekesa hakugeuka. "Mama."

"Fungua mlango."

"Mama, wazee watasema nini?"

"Watasemea wapi? Kwa matanga yangu? Siku hizi hata huko wanaruhusu watu kidogo. Hawatatosha." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Fungua mlango, kijana. Mimi naenda hospitali."

Alipanda kwa kushikwa mkono na Nafula. Aliweka kikapu kati yake na usukani, kama ukuta. Wekesa aliingia akiwa amegeuza uso upande wake wa dirisha, na aliondoa gari vile, nusu akitazama barabara, nusu akitazama mashamba ya miwa. Mimi nilirudi ofisini nikakalia kiti changu, nikalitazama basi la Eldoret likiondoka na maiti wote na nafasi tele.

Walirudi kabla ya kafyu. Alikuwa amedungwa.

Nafula alinisimulia yaliyofuata. Wazee wa ukoo waliitana Kabuchai, wakamlaumu Wekesa hadi akainamisha kichwa. Kisha shangazi mmoja aliuliza ni nani kati yao aliyejitolea kumpeleka mgonjwa, na kikao kikakohoa. Mwishowe Wekesa alitoa mbuzi, mama mkwe akampa blanketi, ili mwiko ulegezwe, na wakaambiwa wasafiri lakini wasizoeane. Kila wiki ya tatu pikapu ikapita mbele ya stendi yetu, kikapu kikiwa katikati.

Masharti yalipoondolewa, tulibandua gundi. Iliacha alama ambazo petroli haikuzitoa. Tulijiandaa kwa mafuriko ya watu na tuliongeza hata mabasi. Watu hawakuja. Wengine walikuwa wamejua magari ya abiria saba yanayowaacha karibu na nyumbani. Wengine walikuwa wamegundua kwamba mzigo unaweza kwenda peke yake, na pole inaweza kutumwa kwa simu. Yule mwalimu aliyesifu viti vitupu alinunua pikipiki.

Meneja wa Njia aliagiza tuwapigie wateja wa zamani, mmoja mmoja. Nilianza na niliyempenda.

"Mama, amri imeondolewa. Kiti chako kipo. Nyuma ya dereva, dirishani."

Akacheka. "Karani mwanangu. Ile kiti ilikuwa inanivunja mgongo miaka hiyo yote."

Nilidhani anatania. "Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema halafu niende wapi? Kulikuwa na gari ingine?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Ile dawa inatapisha, mwanangu. Wekesa hunisimamishia gari hapo Turbo, natapika kwa nyasi, yeye anaangalia ng'ambo. Hakuna mtu anapiga honi. Kwa basi yenu nilikuwa nameza."

Nilimtakia heri, nikaweka simu chini. Dirishani abiria alikuwa akigonga kioo kwa shilingi, nami nilimtazama bila kumwona. Mtu aliyenibariki miaka yote. Nilikuwa nimehesabu kurudi kwake kuwa shukrani.

Ofisi ya Bungoma ilifungwa mwaka uliofuata. Sasa huuzwa mitumba pale. Nilistaafu nikarudi Kitale, na Barasa akarudi kwao kufuga ng'ombe. Mama Nafula bado yupo, amenenepa, na husema kwamba mkwe wake ni bubu mwenye leseni. Vijana wanaosomea uchukuzi wakinijia, hutaka niwaambie siri ya kumridhisha abiria. Mimi huwaambia wamtazame mtu siku anapopata njia ya pili. Kabla ya siku hiyo hawajui lolote, kama nami sikujua.

Majuzi nililazimika kwenda Eldoret, macho yangu yatazamwe. Niliingia stendi asubuhi. Basi la kampuni yangu ya zamani lilikuwa limeegeshwa mahali lilipokuwa likiegeshwa siku zote, limeoshwa, na karani msichana akachungulia dirishani.

"Mama, njoo! Eldoret iko tupu! Chagua kiti unataka!"

Nilipunga mkono. Nilitaka kusimama nimweleze kwamba hilo dirisha lilikuwa langu, na kwamba nimekula na kusomesha watoto kwa sababu watu waliliendea. Lakini gari la watu saba lilikuwa limebakiza nafasi moja, na dereva alikuwa ameshanifungulia mlango. Nikapanda, nikaegemeza mgongo. Hadi tunapita Moi's Bridge, nilikuwa bado nimeshtuka jinsi nilivyostarehe.