Baiskeli Niliyoibadilisha kwa Koti

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, enzi za Mwingereza, nilipotoka dukani Nagongera, mji mdogo wa karibu na chuo chetu, nimevaa koti la sufu katika jua kali la mchana, na baiskeli yangu nimeiacha kwa mwenye duka. Nilikuwa nimeibadilisha kwa koti hilo, viatu vya rangi mbili na kofia. Nilirudi chuoni kwa miguu, jasho likinitiririka, mwanangu, na nilijiona mfalme.

Nilikuwa nasomea ualimu, kijana wa kwanza kutoka kijijini kwetu Masaba kufika masomo hayo. Nasema hivyo kwa kujivuna, wala sioni haya. Baba yangu, Mzee Ouma, alikuwa mkulima wa pamba. Alilima misimu miwili bila kujinunulia hata shati, akaninunulia baiskeli ile, ili inipeleke chuoni na isaidie nyumbani kukiwa na shida.

Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa ambao wakati ule hatukuwa na jina lake. Sikuweza kupita mbele ya duka nikaenda zangu. Nilikuwa na tai saba. Nilinunua sindano za gramafoni, na gramafoni yenyewe sikuwa nayo! Mwenye duka hakunilazimisha. Alikuwa mtu mpole, akiniita tu kutoka barazani, "Mwalimu, kuja ona, mpya imefika!" Basi moyo unaanza kunidunda kama naenda kumwona mchumba. Nikishalipa, raha inanijaa mwili mzima. Nikifika bwenini na kukiweka kile kitu kitandani, raha imekwisha, tayari nawaza Jumamosi ijayo. Rafiki yangu Othieno, kijana wa Mwello aliyelala kitanda cha jirani, aliniuliza, "Wandera, hii tai ingine ni ya nini?" Nilimwambia ana wivu.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani kwa miguu, sanduku kichwani. Nilimwambia Baba kwamba baiskeli iko kwa fundi. Aliniamini. Hilo ndilo lililokuja kuniuma kuliko yote.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, dada yangu Nekesa alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga wa kijiji alitoka nje akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe zahanati ya misheni haraka.

Baba akanigeukia. "Fundi yuko wapi? Kimbia ukailete."

Sikuweza kudanganya mara ya pili. "Baba, niliibadilisha kwa nguo."

Akawaita majirani. Hapakuwa na muda wa hasira.

Tulimlaza Nekesa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne tukakibeba mabegani, tukashika njia ya kinamasi. Vile viatu vya rangi mbili vilinasa kwenye tope, nikaviacha huko huko. Nekesa hakupiga kelele. Alinishika mkono, na kila tulipoteleza alinibana na kusema, "Kaka, usiniangushe." Tulifika jua limeshapita utosi. Mtoto alizaliwa hai, wa kike, na mama yake akapona. Lakini muuguzi alitutokea akatuambia bila kuficha, "Mngechelewa kidogo tu, mngewakosa wote wawili."

Baba alisubiri mpaka Nekesa akarudi na mtoto. Ndipo akaniambia nitoe sanduku uani na kupanga juu ya mkeka vitu vyote nilivyonunua. Nilidhani atavichoma moto. Akainua tai ya kwanza.

"Hii, kabla hujaiona dukani, ulikuwa unaitafuta?"

"Hapana, Baba."

Akaiweka kando, akainua ya pili, akauliza vile vile. Aliendelea hivyo kitu kwa kitu, bila kupandisha sauti, mama yangu akisikiliza mlangoni, mpaka pale mkekani kikabaki kitana kimoja. Kitana tu ndicho nilichokuwa nimekihitaji kweli.

"Wewe unajua kusoma, mimi sijui," alisema. "Lakini kitu kikikuita, unakwenda. Utawafundisha nini watoto wa watu?"

Nililia, mwanaume wa miaka ishirini.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapojivunia. Niliporudi chuoni nilimweleza Othieno ukweli wote, nikamwomba kila Jumamosi twende pamoja kulima bustani ya chuo badala ya kushuka madukani. Likizo zilizofuata nilibeba marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba, Tororo, mpaka mabega yakaota sugu. Nilianguka mara moja, nisikufiche. Nilinunua kofia, nikaificha chini ya godoro, nikakosa raha siku mbili nzima. Nikamwambia Othieno. Hakucheka. Alivaa shati lake, akasema, "Twende turudishe," na tulikwenda, na mwenye duka akaipokea.

Mwaka nilipomaliza masomo nilinunua baiskeli kwa nguvu za mabega yangu. Niliisukuma kutoka Tororo hadi soko la Masaba bila kuipanda, kwa sababu nilitaka Baba awe wa kwanza. Alifunga kanzu yake kiunoni, akaipanda, akaizungusha soko zima akipiga kengele kama kijana, huku Nekesa akipiga vigelegele na mtoto wake mgongoni. Baba alisimama mbele ya wazee wenzake akasema, "Mwalimu wetu ndiye aliyeileta hii." Nimefundisha miaka mingi, nimesifiwa na wakubwa, lakini sijapata kusikia sifa tamu kama ile.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, siku hizi duka limo ndani ya simu yako, linakuita hata ukiwa darasani. Sikukatazi kupendeza, mimi mpaka leo napenda shati lililopigwa pasi vizuri. Ninachokuomba ni hiki: hamu ya kununua ikikupanda, ipe siku tatu. Ikiwa bado ipo, mweleze mtu anayekupenda kabla hujatoa chochote. Usiuze kilichonunuliwa kwa jasho la wazazi wako. Na ukiona umeshindwa peke yako, sema mapema, usione aibu, kwa kuwa ugonjwa huu hunenepa ukifichwa. Jivunie kazi unayoweza kuifanya, na uwe mtu ambaye nyumba yenu ikipatwa na jambo inamtazama bila wasiwasi.

Mungu akupe moyo unaotosheka. Alitie nguvu bega lako na akili yako, akupe rafiki wa kukuambia kweli, na wazazi wako waishi miaka mingi ya kukutaja kwa furaha. Nenda salama, mwanangu.