Hassanati Kwenye Mlango wa Mouridi

Siku hizi kila mtu mjini Moroni yuko upande wa marehemu Mouridi. Kila mtu! Kaa kwenye hitima yoyote utawasikia: "Ah, mheshimiwa yule! Alisema tangu mwanzo kwamba vita havifai, na sisi tukamuunga mkono." Mlimuunga mkono wapi, enyi waongo? Mimi Loutfia nilikuwepo. Mwaka ule wa tisini na saba mtaani kwetu hakuna aliyempa hata salamu, na aliyewaongoza wanawake kumnyima alikuwa dada yangu wa tumbo moja, Hassanati, Mungu amrehemu. Nampenda, lakini siwezi kumsitiri kwa uongo.

Hassanati aliuza vitambaa sokoni Volo Volo. Mkubwa wa umbo, mkubwa wa sauti. Akikuita kutoka upande wa nguo, wauza samaki wote wanageuka. Hakuna harusi kubwa iliyopikwa mtaani bila yeye. Kwetu Ngazidja, kisiwa chenye mji huu wa Moroni, mwanamume hahesabiwi kuwa mtu mpaka afanye harusi hiyo, na mtu hawezi kuifanya peke yake, sharti mji mzima uingie. Leo unampikia mwenzako, kesho anakupikia. Dada, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Rachad, alikuwa amewapikia watu miaka ishirini akingoja siku hao wote watakapojaa uani kwake kumuoza mwanawe. Na huyo Rachad alikuwa askari.

Anjouan, kisiwa jirani, ilipotangaza kujitenga na serikali yetu, Moroni iliingiwa na wazimu. Wanaume ambao hawajawahi kuchinja hata kuku walikuwa wanakueleza jinsi ya kuuteka Mutsamudu, mji mkuu wa Anjouan, kwa saa mbili. Mouridi alikuwa mbunge wetu, mtu mwembamba wa miwani, na kabla ya siasa alifundisha shule huko Mutsamudu miaka minane. Akasimama bungeni akakataa. "Wale ni ndugu zetu, wana njaa na wana hasira," alisema. "Tukiwapelekea bunduki tutaletewa maiti. Mimi mkono sinyanyui."

Wazee wa mtaa wakamwita uwanjani, pale wanapokaa wanaume wenye heshima zao, wakamtaka ayafute maneno yale. Walimtaka mara tatu, naye mara tatu akakataa kwa sauti ileile ya upole, iliyowakera kuliko matusi. Basi wakamtenga. Kutengwa kwetu si mchezo: huamkiwi, hualikwi, hupikiwi, na maiti yako haibebwi. Anayekuamkia naye anatengwa papo hapo.

Harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia, na masufuria makubwa ya chama cha wanawake yalikuwa tayari uani kwa mkewe, Nassima. Hassanati akatangaza kwa wanawake kwamba hakuna kupika, kisha akaenda kuyachukua mchana kweupe. Nassima alisimama mlangoni machozi yakimtoka.

"Mma Rachad," akamwita dada kwa jina la mwanawe, "hata wewe?"

Dada akajitwika sufuria. Na mimi nilibeba sufuria moja kichwani, sijitoi.

Njiani damu ilinichemka. "Dada, hivi unajua unachofanya? Anayekataa vita ni Mouridi, lakini anayepelekwa ni mwanao!"

"Mwanangu si mwoga."

"Nani kataja woga?"

"Funga mdomo, Loutfia, usije ukatengwa na wewe."

Askari wakapelekwa Anjouan mwanzoni mwa Septemba. Rachad alikuja kuaga, akala wali sahani mbili, akamtania mama yake kwamba akirudi atamletea karafuu za Anjouan ajifukize. Siku ya kwanza mtangazaji wa redio alikuwa anapiga makelele ya ushindi. Siku ya pili ikawa nyimbo tu. Siku ya tatu watu wakaanza kunong'ona: wamepigwa, wako waliokufa, wako waliotekwa. Hassanati aliliacha duka wazi, akaenda kambini, akaenda ofisini kwa wakubwa, na kila mlango anaambiwa, "Subiri, mama." Subiri nini? Alikuwa hali, halali, na mimi vilevile, maana kwetu mtoto wa dada ni wako.

Jumatano ya wiki iliyofuata tukasikia Mouridi amepanda ndege ndogo hadi Ouani, huko Anjouan, na maboksi ya dawa. Watu wa Mutsamudu hawakutaka kumwona yeyote kutoka Moroni isipokuwa yule aliyesema hapana. Walimruhusu awaone mateka na ayaandike majina yao. Ijumaa akarudi, na baada ya sala akaenda uwanjani na karatasi yake mkononi.

Wazee wakageuza nyuso. Aliyetengwa hana sauti uwanjani, wakasema. Aombe radhi kwanza.

"Majina nitawasomea," akasema Mouridi. "Radhi siombi, sijakosa."

Wakainuka wakamwacha amesimama. Kusema kweli, na yeye nilimkasirikia. Neno moja tu la radhi, lingemtoa roho? Lakini sasa naelewa kwamba angeliomba, ingekuwa kama kusema vita vile vilikuwa haki. Akaenda kwake, akafungua mlango, akatandika jamvi kizingitini, akakaa. Anayetaka jina la mtoto wake aje aulize.

Hakuja mtu. Jumamosi tangu asubuhi wanawake walipita njia ile wamejifunika leso, wanakwenda dukani kununua chumvi, wanarudi, wanakwenda tena. Chumvi iliyonunuliwa siku ile ingetosha mwaka mzima! Kila mmoja anaitupia jicho ile karatasi na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza.

Hassanati alikuwa dirishani.

"Nikienda nimetengwa," akasema. "Rachad akirudi, nani atamwozesha? Na kama amekufa, nani atakuja kumsalia? Miaka ishirini, Loutfia! Na mimi ndiye niliyetangaza, kwa mdomo wangu huu."

"Basi nitakwenda mimi."

Akanishika mkono mpaka ukaniuma. "Wewe hukumzaa."

Baada ya sala ya alasiri akatoka. Hakupita pembeni, alipita katikati ya njia, mbele ya wanaume wote wa uwanjani, na mimi nyuma yake. Mzee mmoja akapaza sauti, "Hassanati, rudi!" Hakugeuka.

"Mouridi, salaam alaikum."

Mouridi alisimama kwa shida, miguu imemfa ganzi. "Waalaikum salaam, mma Rachad."

"Nisomee mwanangu."

Hakuitazama karatasi. Nilipoona haitazami, nikajua.

"Humu hamo," akasema. "Humu mna walio hai tu. Rachad nilimkuta hospitali, Mutsamudu, akanitambua. Alfajiri ya Alhamisi akafa, mkono wake mkononi mwangu. Nilimsalia, nikashuka kaburini nikamlaza mwenyewe. Watu wa kule walikuja wengi, Hassanati. Msikiti ulijaa."

"Unajua tangu Alhamisi!"

"Najua."

"Na hukuja kwangu!"

"Ningekuja, ningekutia kwenye kutengwa kwangu. Ungekosa watu msibani. Sikuwa na haki ya kukuchagulia."

Dada akampiga ngumi ya kifua, akampiga ya pili, naye hakujikinga. Kisha akaketi juu ya lile jamvi, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. Nassima akatoka ndani, akaketi kando yake, akamkumbatia bila kuyataja masufuria. Na mimi nikaketi. Huo ndio uliokuwa msiba wa Rachad, wanawake watatu kizingitini, na wanaume wote wa mtaa wanatutazama kutoka ng'ambo.

Haukupita muda, mwanamke mmoja akavuka njia. Akaja wa pili, na wa tatu, mpaka njia ikajaa. Wakasimama mbele yetu, macho kwenye ile karatasi.

Mouridi akaikunja karatasi. "Si sasa," akawaambia. "Mwenzenu yuko msibani."

"Wasomee," akasema Hassanati.

"Lakini mma Rachad..."

"Wasomee, nimesema! Watu wamesimama juani."

Mouridi akavaa miwani, akaanza. Kila jina lilipotajwa mama mmoja alipiga ukelele wa furaha, kisha akauziba mdomo wake haraka kwa kumwonea haya dada yangu. Hassanati hakuinuka. Alikaa palepale, kichwa begani kwa Nassima, akayasikiliza majina ya watoto wa wenzake yote, mpaka la mwisho.