Nywele za Msiba

Nilipokuwa mtoto nilijiona mkubwa kuliko wote nyumbani kwetu Ihanda. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, baba tumemzika Jumatatu, na wadogo zangu watatu walikuwa wakiitazama mikono yangu. Alhamisi nikaaga kwamba nakwenda Mkwajuni kuchimba dhahabu.

"Hujanyolewa msiba," bibi akasema. "Mwenye nywele za msiba haingii ardhini. Ardhi itadhani umemfuata baba yako."

Kunyoa kulikuwa kumebakiza siku nne. Nikamuuliza watoto watakula nini siku hizo nne, kwa jeuri ambayo mpaka leo inanitia haya, nikaondoka.

Kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kulikuwa na desturi. Kila asubuhi kabla ya kushuka, Kaka Ayubu, msimamizi wetu, aliuliza, "Nani ana msiba?" Mwenye msiba alibaki juu. Nilivuta kofia, nikanyamaza.

Siku ya pili tulikuwa wawili chini, mimi na Ayubu. Udongo ukaanza kunidondokea kichwani, kidogo kidogo. Nikahama, ukanifuata. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa kumuua mtu aliyeniamini.

"Kaka, nimezika baba. Sijanyolewa."

Ayubu akasimamisha nyundo. Akamulika tochi juu, kwenye magogo yaliyoshikilia mwamba, akaituliza hapo kitambo. Nilingoja kofi.

"Panda, dogo. Polepole, usiguse ukuta."

Alipanda nyuma yangu. Tulipofika juu akaagiza wembe, akanikalisha pembeni, akaanza kuninyoa bila maji. Hajafika kisogoni, shimo likakohoa. Magogo yalivunjika, vumbi likafumuka, ngazi ikamezwa. Ayubu akaendelea kunyoa, damu ikinichuruzika sikioni.

Hapo ndipo nilipomlilia baba, kwa mara ya kwanza, mbele ya wanaume wote.

Sasa nami nina duara langu. Najua magogo hulia kabla ya kuvunjika, na nadhani Ayubu aliyasikia. Bibi aliamini vingine hadi kufa kwake, nami sikubishana naye. Lakini kila asubuhi nauliza, "Nani ana msiba?" Vijana hucheka. Yule asiyecheka namwambia abaki juu, nami nakaa naye.