Kiti cha Mkunga

Mumewe alimdhulumu gari, na alimdhulumu kwa kidole chake mwenyewe. Hilo lisemwe mwanzo, lisije likapambwa. Gari lilinunuliwa kwa fedha ya cherehani, miaka minane ya kushona viti vya magari ya watu, mume naye akitafuta kazi kama mtu anayeomba asiipate. Siku ya kuandikishana, mume aliweka karatasi mezani akamwambia, "Bonyeza hapa, mke wangu, gari liwe letu sote." Akabonyeza. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na karatasi zote kwake zilikuwa sawa. Miaka mitatu baadaye mume alihamia kwa mwanamke mwingine, akaondoka na gari, na kadi ya gari ikaonekana ina jina moja tu, la kwake. Alama ya kidole cha mkewe ilikuwa kwenye hati ya mauzo, chini kabisa, mahali pa shahidi. Yaani alishuhudia kuibiwa kwake mwenyewe.

Mama mkwe naye akapata la kusema kila penye watu wawili. "Mwanangu kaondoka na chake. Yule alikuja kwetu na sindano, na kabaki na sindano."

Basi Fundi Viti, ndivyo wateja wanavyomwita, akakaa miaka saba akibeba marobota ya sponji kichwani kutoka dukani hadi kibandani kwake, upepo ukimyumbisha, watoto wa barabarani wakimwita Mama Godoro. Akajibana, akashona, akajibana tena, mpaka kikatimia kiasi cha kigari kidogo, kilichotumika, cha bei ya chini. Kilitimia cha mara moja. Cha mara ya pili hakikuwepo. Akidanganywa tena atazeeka akiwa Mama Godoro.

Wa kumsomea alikuwa wifi yake, dada wa huyohuyo mume. Wifi anauza kwenye duka la dawa na anasoma hata mwandiko wa madaktari. Ile kadi ya gari aliiona mapema, akanyamaza miezi kumi kwa ajili ya kaka yake. Alipokiri, Fundi Viti hakumsemesha mwaka mzima. Kisha siku moja alimfuata dukani, akamwambia, "Utanisomea kila karatasi mpaka nife. Na ukikohoa katikati ya mstari, nitajua." Ndoa ilikwisha, uwifi haukwisha.

Wakaanza kwa dalali mwenye uwanja wa changarawe karibu na kituo cha mafuta. Magari yalipangwa pua mbele, yote yameoshwa mpaka magurudumu yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Dalali aliwaona wangali mbali.

"Karibu mama yangu! Macho yako tu yanaonyesha unakijua kizuri."

"Kilemba cha ukoka hicho," wifi akanong'ona. "Kinavishwa hata jua hatujalikwepa."

Aliwapeleka kwenye kigari cha rangi ya fedha, kava mpya, harufu ya maua bandia. "Hili lilikuwa la bibi mmoja. Sokoni, nyumbani. Sokoni, nyumbani. Tazama mita, kilomita elfu arobaini tu. Gari linalia njaa ya barabara!"

Fundi Viti hakutazama mita wala hakuomba kufunguliwa boneti. Alifungua mlango wa dereva, akaketi. Akainuka. Akazunguka, akaketi kiti cha abiria. Akainuka. Akarudi kwa dereva.

"Mama," dalali akacheka, "gari halipimwi kwa makalio."

"La kwako leo litapimwa kwa hayohayo."

Kila fundi ana mahali pake pa kusikilizia gari. Wa injini husikiliza mlio, wa rangi hutazama mwanga kwenye bati, yeye hugusa ukingo wa kiti cha dereva, upande wa mlango. Mtu akiingia anauburuta kwa paja, akitoka anauegemea, na sponji ya ukingo huo hufa kabla ya sponji yoyote ndani ya gari. Katika gari la elfu arobaini, ukingo bado unabishana na kidole. Huu haukubisha hata kidogo. Kiti cha abiria, kando yake, kilikuwa kizima kabisa. Dereva mmoja, peke yake, miaka mingi, kutwa nzima.

Akaingiza vidole chini ya kava mpya na kufungua ndoana zake kabla dalali hajamaliza kusema "Mama, hiyo usi..." Chini yake kitambaa kilikuwa kimelika mpaka nyuzi zimebaki kama ndevu za mzee. Akaenda nyuma, akavuta kiti cha abiria wa nyuma kwa mbele, kikang'oka. Springi zake zilikuwa na kutu, na ndani ya mshono wa chini kulikuwa na mstari wa tope kavu, laini kama unga.

"Huyo bibi," Fundi Viti akauliza, "soko lake lilikuwa katikati ya mto?"

"Ah, mvua kidogo tu. Walisahau dirisha."

"Mvua ya dirishani hainyeshi kutoka chini kwenda juu."

Dalali akakuna shingo. Sauti yake ya biashara ikawa imemtoka. "Nani kakufundisha haya, mama?"

"Aliyenidanganya kabla yako."

Wakatoka. Barabarani wifi alicheka mpaka akashika ukuta, lakini Fundi Viti alizidi kukaza mwendo. Alikuwa ameshalipenda lile gari la fedha kwa dakika nne nzima, na dakika nne zilimtisha. Kupenda ndiko kulikomponza mara ya kwanza.

Gari la pili waliambiwa na makenika, jirani wa kibanda chake, mzee wa maneno machache na spana nyingi. Lilikuwa la mkunga mstaafu aliyekuwa akiuza mwenyewe nyumbani kwake. Kila mnunuzi alifungua mlango, akatazama, akaaga. Zamani lilikuwa jeupe. Kitambaa cha dari kilikuwa kimening'inia kama chandarua, kiti cha nyuma kimechanika pande mbili, na mfuko wa mlango umefungwa kwa bendeji. Mkunga ni mkunga.

Fundi Viti akachungulia ndani na, kwa mara ya kwanza tangu aanze kutafuta, akatabasamu. Wanunuzi wengine waliona hasara. Yeye aliona kazi ya siku mbili na mita sita za kitambaa.

Makenika aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. "Baridi. Vizuri. Injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni ni kama nyumba iliyofagiliwa haraka, jua kuna kitu uvunguni." Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakifuta kwenye suruali yake. Akawasha. Gari likaitika mara ya kwanza, bila kukohoa. Akatazama moshi, akaona hakuna wa kutazamwa. Akaliendesha mpaka njia yenye mashimo na kurudi, akaachia usukani pale barabara iliponyooka, akakanyaga breki ghafla mpaka wifi, aliyekuwa nyuma kwenye mchaniko, akataja jina la mama yake.

"Injini nzima," akasema. "Shokapu moja ya nyuma imechoka. Kama mimi."

Kilichobaki ni kiti cha dereva. Fundi Viti akaketi, akazama. Akazama mpaka akahisi chuma cha fremu kwenye nyonga. Akagusa ukingo wa upande wa mlango, hakuna ukingo. Sponji ilikuwa imekufa na kuzikwa. Akatazama mita. Herufi hazijui, lakini namba hazijapata kumshinda: elfu sabini na mbili. Moyo ukamshuka palepale kwenye shimo la kiti.

Akatoka, akasimama mbele ya mkunga.

"Mama, kwako sikutegemea. Mita yako imerudishwa nyuma."

"Wifi," wifi akanong'ona, "taratibu. Huyu mtu mzima."

"Watu wazima ndio walioniliza. Mama, sponji hii imekaliwa kilomita laki mbili na nusu. Mimi hii ndiyo kazi yangu, sibahatishi."

Mkunga alimtazama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono midogo iliyo safi mno. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumbo, mpaka akaketi kwenye ngazi ya mlango wake.

"Imekaliwa, mwanangu. Nani kakwambia imeendeshwa?"

"Kiti cha dereva kinakaliwa na nani kama si mtu anayeendesha?"

"Mtu anayesubiri! Mtoto wa kwanza haji kwa kuitwa. Nikikaa chumbani, mama mtu ananiuliza 'bado?', shangazi 'bado?', baba mtu mlangoni 'bado?', na kila mmoja ananiletea chai. Basi nikajifunza. Namkagua mzazi, natoka, naegesha makalio garini, dirisha wazi, kila kitu nakisikia. Baada ya dakika ishirini naingia tena. Natoka. Naingia. Saa sita, saa tisa, injini imezimwa. Miaka kumi na nne, mwanangu, na kiuno hiki unakiona. Masweta yote ya wajukuu zangu nimeyafumia humo."

Makenika akageuza uso akicheka. Fundi Viti hakucheka. Lilikuwa jibu zuri, na majibu mazuri alikuwa ameyasikia sana, mengine alipewa kitandani. Akarudi garini. Sponji haikuwahi kumdanganya, lakini pia hakuwahi kujiuliza sponji inahesabu nini. Ilikuwa inahesabu makalio. Safari haikuzijua. Safari huhesabiwa na mguu na mkono.

Akapiga magoti, akagusa raba za pedali. Mifereji yake bado ilikuwa na kingo, na raba yenyewe ilikuwa ya zamani, imepasuka nyufa ndogo za umri. Hazikuwa mpya za kufichia. Akapapasa usukani, ngozi yake bado inakwaruza mkononi, haijang'arishwa na viganja. Kichwa cha gia kilikuwa na michoro yake yote. Mwisho akaingiza mkono kwenye upenyo wa kiti, pale vinapopotelea vitu vya dereva, akaanza kuvuta. Ukatoka uzi wa sufu wa bluu. Ukatoka wa njano. Ukatoka wa kijani, umeshikana na sindano ya kufumia iliyopinda.

"Sindano yangu!" mkunga akapiga kelele. "Miaka sita nimemlaumu jirani!"

Fundi Viti akabaki amepiga magoti na ule uzi mkononi. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Akainuka, akafuta magoti, na mbele ya wifi, mbele ya makenika, na jirani mmoja aliyekuwa amesogelea ukuta kusikiliza, akasema, "Nisamehe, mama. Nimekuita mwizi mlangoni kwako, na huna kosa."

"Yamekwisha, mwanangu. Aliyeumwa na nyoka..."

"...akiguswa na ukambaa hushtuka," wifi akamalizia, akitazama chini.

Maneno ya kuomba msamaha yalichukua pumzi moja tu. Fundi Viti aliyashangaa mwenyewe njia nzima ya kurudi, jinsi yasivyokuwa mazito.

Bei haikuvutwa sana. Kila mmoja alivuta kidogo, kwa heshima, wakakutana. Siku ya kuhamisha kadi, kwenye ofisi ya usajili wa magari, wifi alisoma kila mstari kwa sauti bila kukohoa. Hata hivyo Fundi Viti alikuwa na chake. Kwenye pochi alibeba utepe wa kitambaa cheupe alioushona mwenyewe kwa uzi mwekundu: jina lake, herufi kwa herufi, kama wifi alivyomchorea kwa chaki. Alipokabidhiwa kadi aliutandaza utepe juu yake, akalinganisha. Ya kwanza na ya kwanza. Ya pili na ya pili.

"Mama, unapima nguo?" karani wa dirishani akauliza. "Kuna foleni."

"Wasubiri. Mimi nimesubiri miaka saba. Hebu niambie, mstari huu ni wa nani? Wa shahidi?"

"Wa mwenye gari."

Akamgeukia mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Kaka, na wewe soma. Hapa ni pa nani?"

"Pa mwenye gari, mama."

Akamwuliza na mlinzi wa mlangoni. Watatu waliposema lilelile, akakunja utepe.

Leseni alikuwa nayo. Kuendesha alijifunza kwa kusogeza magari ya wateja, na mtihani wa maandishi aliufanya kwa mdomo. Kwa siku mbili alishona viti vyote upya, kijivu kwa mshono mwekundu, akabandika dari. Kiti cha dereva alikitilia sponji ngumu. Ile ya zamani aliikata, akamshonea mkunga takia la kukalia ngazini. Mkunga alipolikalia alisema amelitambua papo hapo.

Safari ya kwanza alimpeleka wifi kazini, na marobota mawili ya sponji yamelala nyuma kama abiria waliolipa. Watoto wa barabarani waliita, "Mama Godoro!" naye akapiga honi. Walipokaribia njia panda ya kwenda kwa mama mkwe, wifi alishika mkanda wake.

"Tupite kwa mama, alione. Mimi nitasema. Nitamwambia lile la kwanza pia lilikuwa lako."

Fundi Viti aliwaza kidogo, akapitiliza njia panda.

"Wewe lako ulishasema, Wifi, na unalilipa. Hilo si la kusemewa. Lile gari kaka yako na abaki nalo, likamfie. Lakini maneno 'ni cherehani yake iliyonunua, mama, mimi nilimdanganya' anadaiwa yeye, ayaseme mwenyewe, mbele ya mama yenu, kwa mdomo uleule ulioniambia nibonyeze."