Pindo la Kofia ya Nesi

Mtaani walimwita Bi Subana, kwa sababu kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano hakikumtoka kidoleni tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kazi yake ilikuwa kutililia nguo: suti iliyotafunwa na panya, gauni lililoshikwa na msumari, shati lililodondokewa na moto wa sigara. Ukimpelekea nguo, kabla hujamaliza salamu jicho lake limekwisha kufika penye tundu. Akiirudisha, hata mwenyewe hujui tundu lilikuwa wapi. Alijivunia hilo, na kujivunia kazi njema si dhambi. Dhambi ilikuja baadaye.

Mumewe alikuwa tarishi, na hata mtaani jina lake lilikuwa hilo hilo, Tarishi. Alizaliwa na ualbino, na kwa miaka ishirini na sita alisambaza barua kwa baiskeli huku jua likimchapa usoni kama lina deni naye. Bi Subana alimshonea kofia saba za ukingo mpana. Zote saba zililala sandukuni. "Zinapeperuka," alisema Tarishi. Ikawa hivyo mpaka kidonda kidogo kikatokea puani, kikakataa kupona, na daktari akakitaja kwa jina lake: saratani ya ngozi.

Walimpasua. Saratani ilitoka yote, lakini ilitoka na nusu ya pua. Ili kuijenga upya, daktari alichukua ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, akaugeuza, akauteremsha na kuushona penye pengo. Hakuukata kabisa. Aliuacha umeshikwa na kikonyo katikati ya nyusi, kama tunda kwenye tawi, ili damu ipite humo mpaka ngozi ishike mahali pake papya. Baada ya wiki tatu, alisema, kikonyo kitakatwa.

Wiki tatu hizo ndizo zilizomweka Bi Subana uchi.

Kila baada ya siku moja Tarishi alikwenda kliniki kusafishwa kidonda na nesi mmoja wa makamo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Kutoka huko alirudi anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nyumbani aligeukia ukuta. Mkewe akisogea amtazame, yeye huinua kiganja.

"Acha. Nesi ataona kesho."

"Nesi ataona," Bi Subana alirudia peke yake kwenye cherehani. "Miaka thelathini nafua mashati yake, leo uso una mwenyewe mwingine."

Wifi yake, dada wa Tarishi, ambaye siku haikupita bila kuja kukaa mlangoni pake, hakuzima moto huo. Aliuongezea kuni.

"Wifi, mwenzio ana mkono mwepesi. Kaka anasema hata hasikii akiguswa."

"Mwenzangu nani?"

"Si huyo mke mwenza wako wa glavu."

Wifi alicheka mpaka akashika kiuno. Bi Subana alijichoma sindano, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa anajifunza kazi.

Siku ya tisa Tarishi alirudi na kofia kichwani. Kitambaa chepesi, ukingo umelegea, na pindo limekwenda kombo kama njia ya mbuzi.

"Umeipata wapi?"

"Nesi kanipa."

"Nayo haipeperuki?"

Tarishi aliivua. Aliitundika kwenye msumari, juu kabisa ya sanduku lenye zile saba. Jioni hiyo Bi Subana aliifumua kwa macho mara mia.

Siku ya kumi na moja nesi aliagiza aje mtu wa nyumbani afundishwe kufunga kidonda. Bi Subana alikwenda, lakini chumbani hakuingia. "Mtu wa sindano hafundishwi kufunga kitambaa," alisema, akakaa kwenye benchi la korido akihesabu mishono iliyofumuka kwenye pazia la mlango. Ndani, nesi alikuwa akisema neno moja lililozidi yote: usibane.

Jumamosi ilipofika, Tarishi alipokuwa akitafuta viatu vyake, mkewe alisimama mlangoni.

"Leo huendi. Nakufunga mimi."

"Mke wangu..."

"Kaa."

Akakaa. Bi Subana alifungua bendeji, na kwa mara ya kwanza akaiona kazi yenyewe. Mishono ya daktari ilikuwa midogo, imelingana, haina hata mmoja uliovuta ngozi. Hata katika siku zake bora yeye hakuwahi kushona hivyo, na jambo hilo lilimchoma kuliko kofia. Alitafuta kosa, akadhani amelipata: kile kikonyo kilichoinuka na kujisokota kati ya nyusi kama mkono wa shati usiopigwa pasi. Kiraka kisipolazwa hujikunja, hilo alilijua tangu usichana. Akakunja shashi, akaikandamiza juu yake, akazungusha bendeji mara tatu na kufunga fundo zuri kisogoni.

"Nesi kasema isibane."

"Nesi, nesi. Sijabana. Nimelaza."

Tarishi akakubali, ili nyumba iwe na amani.

Saa sita alisema, "Pua inapwita." Mkewe akamwambia avumilie. Saa saba akasema, "Sasa haipwiti tena. Nasikia baridi." Bi Subana akafungua. Ngozi iliyokuwa na rangi ya waridi asubuhi ilikuwa zambarau, kama kucha iliyogongwa na nyundo.

Bi Subana alimtia kwenye teksi hali ana subana kidoleni.

Walimkuta nesi amekwisha kubadili nguo, mkoba begani. Aliutua mkoba bila kuuliza. Alimlaza kichwa kikiwa juu, akalegeza mishono miwili, akatazama, akangoja. Kisha akaokota bendeji yenye fundo.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi mwenyewe," Tarishi aliwahi. "Kwenye kioo."

Mlango wa uongo ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mume. Wengi wangepita. Bi Subana alilitazama fundo lake, fundo la fundi, akaona haya.

"Ni mimi, sista," alisema. "Siku ile ulipoita nilikaa nje. Nilikuonea wivu."

Nesi hakumbembeleza. "Nawa mikono uje hapa," alisema. "Leo hukai nje."

Rangi ilianza kurudi, ikitambaa kutoka kwenye kikonyo kwenda chini. Lakini pembeni mwa tundu la pua, sehemu ndogo kama punje ya mchele haikurudi. Nesi alisema hiyo imekwenda.

Njiani kurudi, Bi Subana aliuliza lililokuwa likimla. "Kwa nini yeye, si mimi?"

Tarishi alifikiri kidogo. "Mimi nimetazamwa tangu nizaliwe, nimezoea. Lakini jicho lako wewe likifika mahali, linakwenda moja kwa moja penye tundu. Yule kila siku ananiambia, leo afadhali kuliko juzi."

Bi Subana alijua ni kweli. Asubuhi ile ile mumewe alikuwa amelitazama jicho hilo likifanya kazi yake.

Kikonyo kilikatwa. Pua ni pua, yenye kovu jembamba juu yake na kipengo kidogo pembeni. Watu husema kipengo hakionekani. Bi Subana hukiona kila asubuhi, na kila asubuhi hujizuia kukikodolea macho.

Tarishi siku hizi anapanga barua ndani ya ofisi, na kwenda na kurudi huvaa kofia ya nesi. Mkewe huifua na kuipiga pasi, na bado humuuma anapoishika.

"Wifi," aliuliza dada mtu juzi, "wewe fundi mzima, mumeo anatoka na pindo hilo?"

"Liache," alisema Bi Subana.

Pindo limepinda mpaka leo.