Shujaa Aliyekwenda Kushoto

Katika familia yetu husimuliwa kwamba niliwahi kukifunga kitabu cha binti yangu juu chini. Nakanusha. Hakikuwa juu chini hata kidogo. Kilikuwa nyuma mbele. Nilitumikia masjala ya wizara mpaka siku ya kustaafu, na mtu anayenishtaki kwa kosa lisilo langu, hali ninalo langu kamili lenye ushahidi, ananivunjia heshima.

Binti yangu huyo, ambaye mimi humwita mama kwa kuwa alipewa jina la mama yangu, aliacha kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya bima mjini akarudi mtaani kwetu Woodley na meza ya kuchorea. Hayo yalikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilipomuuliza anafanya nini hasa, alisema anachora manga.

"Manga ya pilipili?"

"Ya Japani, Baba. Hadithi ya picha."

Nilifungua kamusi. Kamusi ikaniambia Manga ni Uarabuni. Nilimpelekea ukurasa wenyewe ukiwa wazi. Akacheka, akaniambia mtaani vijana wakisema kumanga wana maana ya kula, kwa hiyo nichague. Sikuchagua. Niliandika maana zote tatu katika daftari langu, nikazipa nambari.

Alichokuwa akifanya ni kuugeuza mchezo wa zamani wa televisheni kuwa kitabu. Aliucheza utotoni: mtu mfupi mwenye mkoba mgongoni anakimbia, anaruka mashimo, anaokota funguo, na mwisho anafungua lango la mji wake. Niliuliza kama wenye mchezo wametoa idhini. Hakujua. Niliwaandikia mwenyewe kwa taipureta, na baada ya miezi kadhaa wakili alijibu kuwa kampuni ilikwisha kuvunjwa na hakuna pingamizi. Nakala ninayo.

Wahariri wawili walikwisha kumrudishia bahasha bila kuifungua. Wa tatu, mama mmoja wa jarida la vijana, alikubali kumwona Ijumaa saa nane ofisini kwake katikati ya mji. Binti yangu alinieleza akiosha brashi, bila kuniangalia.

"Huyu akikataa, Baba, Jumatatu narudi bima. Wameniwekea nafasi mpaka hapo."

Mimi niliyepinga kuacha kwake kazi kwa barua ya kurasa tatu, niliyoiweka juu ya mto wake, nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilijitolea kumsaidia, na kuanzia hapo mambo yakaharibika.

Kwanza niliucheza ule mchezo, maana siwezi kushughulikia jambo nisilolikagua. Nilikaa sebuleni siku nne nimeshika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Shimo la kwanza kabisa, ambalo binti yangu anasema mtoto wa chekechea hulivuka, lilinimeza mara kumi na tisa. Niliandika kila anguko na sababu yake. Mke wangu alipita na sufuria akauliza, "Huyu mzee bado hajafika tu?" Hakufafanua ni mzee yupi.

Hata hivyo nilipata jambo moja la hakika, nikalipigia mstari kwa wino mwekundu: *Shujaa huenda kulia. Hajapata kwenda kushoto.* Binti yangu aliliazima daftari hilo kwa siku mbili. Nilidhani anajifunza mwandiko.

Alhamisi alinikabidhi kurasa arobaini nizitoe nakala na kuzifunga katika duka la fotokopi pale Adams Arcade.

"Ziko kwa mpangilio, Baba. Zifungwe upande wa kulia."

Kunielekeza mimi kuhusu mpangilio wa karatasi! Kuhusu upande wa kulia, nilichukulia kwamba amepitiwa. Dukani nilizipitia moja moja, na nikashtuka. Katika kila ukurasa, shujaa alikuwa akikimbia kwenda kushoto. Nilitafakari hivi: anayekwenda kushoto anarudi nyuma, na kama anarudi nyuma, basi kurasa zimepangwa kuanzia mwisho. Hoja hiyo niliiona safi kabisa. Nilizigeuza zote arobaini, ya mwisho ikawa ya kwanza, nikaagiza zifungwe kushoto.

Msichana wa fotokopi alisita. "Lakini mzee, hapa mwanzo ako na funguo zote, huku mwisho hana hata moja."

"Anazirudisha," nilimwambia. "Mtumishi mwaminifu akimaliza kazi hurudisha funguo."

"Haya. Kitabu ni yako."

"Changu," nilimsahihisha. Hilo ndilo sahihisho pekee la haki nililofanya siku hiyo.

Nilikitia kitabu katika bahasha, nikaifunga kwa gundi na kutia sahihi juu ya mkunjo. Binti yangu alipotaka kukiona, nilimwarifu kwamba bahasha iliyotiwa sahihi hufunguliwa na mwandikiwa tu.

Mwandikiwa aliifungua Ijumaa, saa nane na dakika kumi, nami nimeketi pembeni katika suti yangu ya kustaafia. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakunja uso.

"Sasa huyu mbona anafunga lango? Si ndio mji wao?" Akafunua tena. "Na anarudisha funguo. Anaziweka chini moja moja. Dada, hii hadithi ni ya nini?"

Binti yangu alikiangalia kitabu, kisha akaniangalia mimi. Mhariri alikuwa tayari akikirudisha kwenye bahasha.

Katika miaka yangu yote ya kazi nilipata kuandika kwamba barua imepotea njiani, kwamba muhuri ulififia, kwamba mhusika hakupatikana. Kwamba mimi nilikosea sikuwahi kuandika. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa mhariri, kosa ni langu. Yeye alizipanga sawa. Mimi nilizigeuza."

"Manga inasomwa kutoka kulia, Baba," binti yangu alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nilimgeuza akimbie kushoto. Macho ya msomaji na yeye waende pamoja."

Nilielewa papo hapo, na ndipo aibu iliponishika sawasawa. Faili la Serikali huanzia wapi? Barua ya kwanza iko chini kabisa, na kila mpya hulala juu yake. Maisha yangu yote nilisoma mambo kutoka nyuma, nikalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Na kamusi nayo ilikwisha kunitajia Uarabuni, ambako watu huandika kutoka kulia.

"Naomba ukifungue kama faili," nilimwambia mhariri. "Anzia chini kabisa, ukipanda kwenda juu."

Alikigeuza, akaanza kusoma. Kwenye ukurasa wa tano alicheka, akainua kitabu kidogo, akanitazama, akarudi kwenye kitabu, akacheka zaidi. Nilisogea nione. Shujaa alikuwa na miwani yangu, koti langu, na daftari mkononi. Alikuwa ndani ya shimo kwa mara ya kumi na tisa, akiandika sababu. Nilizikagua kurasa zote arobaini pale dukani nikitazama anaelekea wapi, na sikumtazama usoni hata mara moja.

Jumatatu binti yangu hakwenda bima. Hadithi ilianza kutolewa jaridani sehemu baada ya sehemu, na mhariri aliniomba niandike ilani fupi ya kumwelekeza msomaji aanzie wapi. Niliandika aya mbili zilizokamilika, zenye salamu. Zilichapishwa zikiwa maneno manne: "Anza upande wa pili."

Nilipinga kwa maandishi. Nakala ninayo.